Tuambiwe kabla ya kulipa ni masomo gani ya diploma yatakayotambuliwa chuo kikuu

Kwa Mhariri,

Naandika kuomba jambo moja ambalo vyuo vikuu vyetu vinaweza kulifanya bila kujenga jengo wala kungoja fedha za Hazina ya Kitaifa. Kila chuo kikuu kinachopokea wanafunzi wenye diploma kichapishe mahali pa wazi orodha ya masomo ya diploma kinayoyatambua na yale kisiyoyatambua, kozi kwa kozi, na mwanafunzi aione kabla hajatoa hata shilingi. Kwa sasa wengi huambiwa wakiwa wameshalipa.

Mimi nina saiba Kayole, upande wa Masimba. Ni chumba kidogo tu: kompyuta chache, printa, mashine ya kutoa nakala na benchi la kungojea zamu. Wapo wanaodhani kwamba kwa kuwa kila mtu ana simu mkononi, saiba zimekufa. Waje hapa matokeo ya KCSE, mtihani wa kidato cha nne, yanapotangazwa au lango la KUCCPS, wale wanaogawa nafasi za vyuo, linapofunguliwa, waone benchi hilo. Mzazi huja na mtoto wake na karatasi ya matokeo, mimi nikajaza fomu, na kabla sijabonyeza kitufe cha mwisho naulizwa, "Sasa wewe unaonaje, huyu afanye nini?" Sikuajiriwa kuwa mshauri wa masomo, lakini mtaani mshauri ni yule mwenye intaneti.

Jibu tulilozoea kulitoa ni kwamba aende polyteknik afanye diploma, digrii itafuata. Si mimi peke yangu nisemaye hivyo. Walimu wakuu husema, wanasiasa husema kwenye mahafali, na wazazi tumelikariri. Tena ukitazama hesabu, hakuna jibu jingine. Katika KCSE ya 2024 watahiniwa walikuwa 962,512. Waliopata C+ kwenda juu, alama ya kuingilia chuo kikuu moja kwa moja, walikuwa 246,391. Hiyo ni kama robo. Wale wengine, zaidi ya laki saba, ndio tunaowaelekeza kwenye diploma na vyeti vya ufundi na kuwaambia wasikate tamaa. Njia ya diploma, basi, ndiyo njia ya walio wengi.

Kumwambia mtoto digrii itafuata si vibaya. Ila hakuna anayeweza kumwambia itafuata vipi, kwa miaka mingapi, na ni kiasi gani cha kazi aliyokwisha kuifanya kitakachohesabiwa. Hapo ndipo watoto wa watu wanapouziwa mbuzi kwenye gunia.

Nichukue mfano wa kijana mmoja mteja wangu, mkazi wa Saika. Alipata C, akasoma Diploma ya ICT (kompyuta na mawasiliano) ya KNEC, baraza la mitihani la taifa, katika chuo cha umma hapa Nairobi, Module I hadi III, miaka mitatu ukichanganya na muda aliokwenda kujifunzia kazini. Bahasha yake ya kaki naijua kama yangu kwa sababu kila kilichomo nimekitoa nakala. Slipu za KNEC zinaonyesha jina la kila karatasi na tarakimu mbele yake: 1 na 2 ni Distinction, 3 na 4 ni Credit, 5 na 6 ni Pass, 7 urudie, 8 umeanguka. Kijana huyu ana 2 kwenye hifadhidata, 3 kwenye uandishi wa programu, 3 kwenye mitandao, 4 kwenye uchanganuzi wa mifumo. Alama safi. Slipu haionyeshi alisoma somo hilo kwa saa ngapi, wala mada zilizokuwa ndani yake.

Akaona tangazo la chuo kikuu kimoja kwamba mwenye diploma ya Credit anaweza kuanzia mwaka wa pili. Akalipa ada ya maombi. Akapata barua ya kujiunga. Mamake akachukua zamu yake ya chama, wakalipa karo ya muhula wa kwanza, maana mtu wa namna yake huingia kwa kujilipia. KUCCPS huwagawia watu nafasi za digrii kwa alama za KCSE, na alama yake ya KCSE haikufika. Ni baada ya hapo ndipo alipopewa fomu ya kuomba asamehewe masomo aliyokwisha kuyasoma.

Fomu ikataka muhtasari wa kila somo, saa zake, na muhuri wa chuo alikotoka. Chuo alikotoka kikamwambia silabasi si yao, wao hufundisha tu. Nikamchapishia silabasi yote, kitabu kizima, akaipeleka. Idarani wakasema kila ukurasa ugongwe muhuri. Akarudi tena chuo cha zamani, akamkuta mwenye muhuri yuko likizo. Mhariri, biashara yangu hunona kwa karatasi za namna hii, na bado nasema ziondolewe.

Majibu yalitoka muhula umevuka nusu. Alisamehewa masomo matatu: stadi za mawasiliano, utangulizi wa kompyuta na ujasiriamali. Na kwa kila somo lililosamehewa akatozwa ada, kana kwamba chuo kilimfundisha. Hifadhidata haikutambuliwa. Uandishi wa programu haukutambuliwa. Mwaka wa pili aliotangaziwa ukageuka mwaka wa kwanza.

Siku moja alikuja kuchapisha kazi yake ya nyumbani, nikaichungulia printa ikiitoa. Ilikuwa mchoro wa masanduku matatu yaliyounganishwa kwa mistari: mwanafunzi, kozi, mhadhiri. Akacheka, akaniambia, "Mzee, huu mchoro niliuchora kwako Module II. Hata mfano hawakubadilisha." Nikaufungua mfumo wangu nikautafuta, nikaukuta. Masanduku ni yaleyale, isipokuwa ule wa kwanza aliandika "mwalimu" mahali pa "mhadhiri".

Simlaumu mkuu wa idara. Huenda anayo sababu. Huenda somo lao la hifadhidata lina mambo ambayo diploma haigusi, na mtu akirukishwa ataumia mbele. Kama ni hivyo, jambo hilo lilikuwa kweli hata kabla kijana hajalipa, na lingeweza kuandikwa. Angelisoma, akapiga hesabu ya miaka mitatu ya diploma na minne ya digrii, akaamua kama anataka kutumia miaka saba, au atafute kazi kwanza, au ajaribu chuo kingine. Na hilo la chuo kingine si la kubuni. Msichana waliyesoma naye darasa moja, mwenye alama zinazokaribiana na zake, alikwenda kwingine akapokewa mwaka wa pili bila kelele. Diploma ni ileile, mtihani ni uleule wa taifa, lakini thamani yake inategemea umeketi mbele ya meza ya nani.

Mambo haya yangenipita kama yapitavyo mengine, lau si mpwa wangu. Dada yangu alibahatika kupata ile bahati nasibu ya kadi ya kijani, akahamia California na bintiye. Msichana huyu alikuwa na C hapa nyumbani, kama kijana wa Saika. Kule alianza kwa kile wanachokiita chuo cha jamii, chuo cha miaka miwili kinachompokea yeyote aliyemaliza sekondari au aliyefikisha umri wa miaka 18. California ina vyuo 116 vya aina hiyo. Kwa mkazi wa jimbo ada ni dola 46 kwa yuniti moja, yaani kipimo cha uzito wa somo, na yuniti 60 zinamaliza miaka miwili, jumla dola 2,760 za masomo bila vitabu wala chakula. (Mzazi wa hapa asikimbilie kuuza shamba kwa hesabu hiyo. Anayekwenda kwa viza ya mwanafunzi hutozwa mara kadhaa zaidi, na wapo maajenti hapa mjini wanaotaja 46 na kunyamaza.)

Shabaha ya mpwa wangu ni shahada ya biashara, kwa hiyo anatakiwa kuhama baada ya miaka miwili kwenda chuo kikuu cha miaka minne, aingie moja kwa moja mwaka wa tatu. Nikamuuliza kwa simu, kwa uzoefu wangu wa mihuri, "Utajuaje kama watayakubali masomo yako?" Akasema, "Mjomba, fungua kompyuta hapo ulipo."

Akanielekeza kwenye mfumo unaoitwa ASSIST. Ulianza 1985, zamani kabla ya tovuti, na leo uko wazi kwa mtu yeyote duniani, bila nywila, bila malipo, hata ukiwa Masimba. Unachagua chuo ulichopo, unachagua chuo kikuu cha umma unachokitaka, unachagua shahada. Ukurasa unafunguka una pande mbili. Kushoto kuna somo linalodaiwa na chuo kikuu na idadi ya yuniti zake. Kulia kuna somo la chuo chako linalolitosheleza, kwa jina na namba yake. Uhasibu wa fedha kushoto, uhasibu wa fedha kulia. Uchumi mdogo kushoto, uchumi mdogo kulia. Tukashuka hivyo mstari kwa mstari, yeye huko asubuhi haijapambazuka vizuri, mimi hapa wateja wananikodolea macho.

Kilichonishangaza ni mistari isiyo na jibu. Pale ambapo chuo chake hakina somo la kulingana na la chuo kikuu, hawakuacha wazi wala kuandika "wasiliana na idara". Wameandika kwamba hakuna somo lililolinganishwa. Mpwa wangu akanionyesha somo moja, akasema, "Hili nimeliacha, nitalisomea kulekule. Nikilisoma hapa nitakuwa nimelipa bure." Msichana wa miaka ishirini, mwenye C ya KCSE, anajua leo ni shilingi ipi itakayopotea miaka miwili ijayo.

Juu ya hilo kuna sheria. Mwaka 2010 jimbo hilo lilipitisha sheria kwamba anayemaliza diploma maalumu ya kuhamia, ya yuniti 60, anahakikishiwa nafasi katika mfumo wa California State University akiwa mwanafunzi wa mwaka wa tatu, na kwa shahada inayoendana na diploma yake hadaiwi zaidi ya yuniti 60 nyingine. Hahakikishiwi kampasi anayoipenda, hilo wanalisema waziwazi. Kwa upande wa University of California, mfumo mwingine wa umma wa jimbo hilo, kampasi sita, za Davis, Irvine, Merced, Riverside, Santa Barbara na Santa Cruz, humpa mwanafunzi wa chuo cha jamii ahadi ya nafasi mapema akitimiza masharti yaliyoandikwa. Berkeley, Los Angeles na San Diego hazimo. Tena unaambiwa mapema kwamba hazimo.

Sitaki msomaji aseme huyu wa saiba ameona ukurasa mmoja wa Marekani akalewa. Marekani nayo inaumiza wanafunzi kwa njia hii hii. Mwaka 2017 ofisi ya ukaguzi ya bunge lao, GAO, ilikadiria kwamba wanafunzi waliohama vyuo kati ya 2004 na 2009 walipoteza kwa wastani asilimia 43 ya yuniti walizokuwa nazo. Karibu nusu ya jasho lao. Na kati ya wanaoanza katika vyuo vya jamii kote nchini humo, wanaofikia shahada ndani ya miaka sita ni kama 16 katika kila 100. Anayehama kutoka jimbo moja hadi jingine, au kutoka chuo cha binafsi kinachoendeshwa kwa faida, huumia zaidi. Hata California, ambayo mpango wake mkuu wa elimu ya juu ni wa 1960, ilihitaji miaka hamsini kufikia sheria ile ya 2010. Kwa hiyo siwaletei Marekani hapa kama pepo ya wasomi. Ninachokitaka kwao ni ule ukurasa wenye pande mbili.

Sisi sheria hatujakosa. Tunayo Sheria ya Mfumo wa Kitaifa wa Sifa za Masomo ya 2014, iliyozaa mamlaka ya KNQA. Imeandikwa humo kwamba mfumo huo urahisishe kuhamisha masomo, kusamehewa masomo na kupanda kutoka ngazi moja hadi nyingine. Ngazi zenyewe zimepewa namba: diploma iko ngazi ya 6, shahada ya kwanza ngazi ya 7. Kwenye chati zinapendeza, moja juu ya nyingine. Mteja wangu akisoma chati hiyo anaona hatua moja tu mbele yake. Akifika idarani anaambiwa arudi chini aanze na waliotoka kidato cha nne jana.

Na hapa kuna jambo ambalo hunichekesha, ingawa si la kuchekesha. Vyuo vikuu vyetu kadhaa vyenyewe vilitoka diploma. Technical University of Kenya, pale katikati ya jiji, ilikuwa Kenya Polytechnic tangu 1961, ikapandishwa kuwa chuo kikuu kamili 2013. JKUAT kule Juja ilianza 1981 ikiwa chuo cha kutoa vyeti na diploma za kilimo na teknolojia, ikawa chuo kikuu 1994. Zilipopanda, maabara zao zilihesabiwa, karakana zao zilihesabiwa, wahadhiri na miaka yao ya kufundisha vilihesabiwa. Hakuna aliyewaambia wabomoe waanze upya.

Nimejaribu kuwasikiliza walio upande wa pili. Mhadhiri mmoja anayechapisha mitihani yake kwangu (usiniulize kwa nini hachapishi kazini kwake) aliniambia wanaogopa ubora. Vipo vyuo vya binafsi vilivyo juu ya maduka, diploma inapatikana hata kama mwalimu haji. Kweli, viko, hata hapa Kayole viko. Lakini hiyo ni sababu ya kuandika kwamba diploma ya mahali fulani haitambuliwi. Si sababu ya kunyamaza kuhusu mtihani wa KNEC ambao nchi nzima huufanya siku moja, chini ya baraza moja, na karatasi moja.

Akaniambia pia kozi nyingine zina wenyewe. Uhandisi una Bodi ya Wahandisi, uuguzi una baraza lake, na chuo hakiwezi kukata masomo kitakavyo. Hilo nalikubali bila ubishi. Basi kwenye uhandisi orodha itakuwa fupi. Mtu wa diploma ya umeme aione fupi hivyo hivyo, ajipange.

Hoja yake ya tatu ndiyo iliyonitia wasiwasi. Vyuo vya ufundi vinahamia mafunzo ya umilisi, yanayotahiniwa na TVET CDACC. Matokeo ya huko hayaji na Distinction, Credit na Pass za zamani. Yanaeleza kiwango cha umilisi ambacho mwanafunzi amekifikia katika kila kazi, na masomo yenyewe yamepangwa kwa kazi anayoweza kuifanya mtu, si kwa mada za darasani. Mhadhiri akaniambia, "Akija na karatasi hiyo, mimi nitailinganisha na nini?" Swali zuri. Wanafunzi hao tayari wanamaliza na wanakuja. Tusipoketi sasa kulinganisha umilisi huo na masomo ya shahada, kila mmoja wao atakuwa kesi ya peke yake mezani pa mtu, na saiba zitajaa tena watu wa kuchapisha silabasi. Akina sisi tutakula. Lakini mwanafunzi wa ufundi wa umeme aliyekwisha kuthibitishwa kwamba anajua kupima volti hatakiwi kukaa mihula miwili akifundishwa volti ni nini.

Kuna wanaosema kazi hiyo ni kubwa mno, kulinganisha kila diploma na kila shahada. Si kubwa kama inavyotishiwa. Diploma za KNEC zina silabasi moja nchi nzima. Idara ya chuo kikuu ikiketi mara moja na silabasi ya ICT, imewahudumia wenye diploma hiyo wote, wa Kabete, wa Kisumu na wa Mombasa. Kazi hiyo tayari inafanywa kila muhula, ila inafanywa upya kwa kila mwanafunzi mmoja mmoja, na majibu yake yanafungiwa kwenye faili lake, anayekuja kesho aanze moja. Yaandikwe yale yale waliyoyaamua, yawekwe nje.

Mahali pa kuyaweka papo. Lango la KUCCPS leo linamwonyesha mtoto wa kidato cha nne, kwa kila shahada na kila chuo, masomo yanayotakiwa na pointi za aliyeingia mwisho mwaka uliopita. Mzazi asiyejua kusoma vizuri huelezwa na mtoto, wanaelewana, wanachagua. Zamani mambo hayo yalikuwa siri za ofisini; siku hizi nayafungua kwa sekunde chache, na sijasikia kwamba ubora wa vyuo vikuu umeporomoka kwa sababu watu wanajua pointi. Mwenye diploma amekosa nini hata asiwekewe ukurasa wake hapo hapo? KNQA wana sheria, KUCCPS wana lango, Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu ina rungu la kuvishika vyuo. Wakutane.

Hata mtu akisema watatu hao hawatakutana mwaka huu, chuo kimoja kimoja hakimsubiri mwenzake. Tovuti wanazo, nimezipitia zote kutafutia wateja fomu. Zina nafasi ya kutosha ya picha za mahafali. Waanze na kozi zinazojaza benchi langu: biashara, ICT, ualimu, uuguzi. Waweke tarehe, ili mwanafunzi aliyejiunga chini ya orodha ya mwaka huu asibadilishiwe katikati. Ada ya kusamehewa somo, kama lazima iwepo, iandikwe kando ya somo hilo. Na majibu ya mwenye swali la ziada yatoke kwa maandishi, yenye sababu, kabla ya siku ya kulipa karo, akiwa bado anaweza kuondoka na fedha za mamake mfukoni.

Idara ambayo haitambui hata somo moja la diploma haina haja ya kuona haya. Iweke ukurasa wake kama wengine, upande wa kulia iandike "hakuna" kuanzia juu hadi chini, na mkuu wa idara atie sahihi.

Wako,

Mwenye saiba,
Masimba, Kayole,
Nairobi